Maji Ni Salama, Lakini Yananyweka?

(Haya ni mazungumzo yaliyofanywa na wanafunzi wa sekondari mjini Ujiji. Tumeyaweka hapa karibu kama yalivyosemwa, ili na wewe msomaji ambaye hukuwepo uyasikie.)



Nianze na swali. Ambao kwao maji ya kunywa yanachemshwa au yanachujwa, nyoosheni mikono. Vizuri, mikono mingi. Shusheni. Swali la pili, na hapa nataka ukweli mtupu, hakuna atakayekwenda kumwambia mama: ni nani kati yenu anayakwepa maji hayo? Anayapita pale mezani, halafu anakwenda kunywa bombani, kisimani au ziwani?

Naona mnatazamana na kucheka. Na wewe unayesoma, jibu kimoyomoyo.

Mimi nimekulia hapa hapa Ujiji, nyumba yetu haikuwa mbali na mwalo. Mama alikuwa hodari wa kuchemsha maji. Kila jioni akimaliza kupika, anabandika maji juu ya mafiga, kwenye sufuria ile ile iliyotoka kupikiwa dagaa, haina kifuniko, na kuni mbichi zinafuka moshi. Asubuhi maji yamepoa, anayatia kwenye dumu. Ukiyanywa unasikia moshi, unasikia dagaa, unasikia dumu, vyote kwa pamoja! Sisi wakubwa tulijikaza. Mdogo wetu wa mwisho, alikuwa darasa la pili, alishindwa. Akipewa kikombe anazunguka nyuma ya nyumba, anamwagia mgomba. Kiu ikimbana anateremka ziwani na wenzake, wanaogelea, anakinga viganja, anakunywa. Maji ya ziwa yalikuwa baridi na hayakunuka moshi.

Masika moja akaanza kuhara. Alihara maji matupu, meupe kama maji ya mchele. Baada ya saa chache tu macho yalikuwa yamezama ndani. Baba alimpakia kwenye baiskeli usiku ule ule, wakatundika dripu. Namshukuru Mungu, alipona. Lakini neno la mama sijalisahau mpaka leo. Alikuwa amekaa nje kwenye benchi analia, anasema: "Lakini mimi maji nachemsha! Kila siku nachemsha!"

Na kweli alikuwa anachemsha. Maji yake yalikuwa salama. Ila mtoto hakuyanywa.

Basi hilo ndilo lililonileta leo. Maji salama yasiyonyweka hayamkingi mtu. Ukitaka watu wa nyumbani kwenu wanywe maji salama, yafanye yawe matamu, na uyafanye matamu bila kurudisha vijidudu ndani yake.

ULIMI NDIO UNAOCHAGUA

Msidhani jambo hili ni la jana. Mwaka 1858 Mwingereza Richard Burton alifika hapa pamoja na mwenzake John Speke. Hiyo ni miaka 13 kabla ya Stanley kumkuta Livingstone hapa hapa Ujiji. Burton alitoka safari ndefu ya kunywa maji ya madimbwi, kwa hiyo maji ya ziwa aliyaona matamu mno. Lakini aliandika jambo la kushangaza. Wenyeji waliyanywa bila shida wakiwa kwenye mitumbwi. Wakiwa nchi kavu walipendelea maji ya vijichemchemi vya kando ya ziwa, wakilalamika kwamba ya ziwa hayakati kiu sawasawa.

Mnaona? Watu waliishi kando ya ziwa refu kuliko yote ya maji baridi duniani, na bado ulimi ukawapeleka kutafuta kichemchemi!

Ladha ile ina sababu. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi yaliyoyeyuka, hasa ya magnesi na kaboneti. pH yake inakaribia 9, yaani yana hali ya besi, kama maji yaliyotiwa magadi kidogo sana. Si sumu. Ni ladha ya ziwa letu. Tutarudi hapo, maana kemia yenu ya darasani itatusaidia.

Lakini ulimi una ubaya wake. Hauwezi kuonja kipindupindu. Mwezi wa Mei mwaka 2015, maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kijiji kidogo kaskazini mwa hapa, ukingoni mwa ziwa. Vyoo havikutosha, na watu walikunywa maji ya ziwa. Kipindupindu kikalipuka. Waliougua walifika kama 3,000 na waliokufa walizidi 30. Meli yetu ya Liemba ndiyo iliyokuwa ikiwavusha watu kuwaleta Kigoma. Maji yale ya Kagunga, ukiyatazama, yalikuwa bado ni maji ya ziwa, yanang'aa vile vile.

Kwa hiyo shikeni kanuni moja: SALAMA KWANZA, TAMU BAADAYE. Ukigeuza utaratibu huo utaumia. Haya, tuingie jikoni.

LADHA MBAYA INATOKA WAPI?

1. Tope na majani
Masika yakianza, mto Luiche unamwaga udongo ziwani, na mifereji ya mjini nayo inafanya hivyo hivyo. Ukichemsha maji ya tope unapata supu ya tope. Yaache yatulie usiku kucha kwenye ndoo yenye kifuniko. Asubuhi yamimine taratibu, uache machicha chini. Halafu yachuje kwa kanga au kitenge kikuukuu, safi, kilichokunjwa angalau mara nne. Nguo kuukuu ni bora kuliko mpya, maana nyuzi zake zimefumuka na matundu yamekuwa madogo.

Usidharau kitambaa. Huko Bangladesh, watafiti wakiongozwa na mwanamke wa Kimarekani, Rita Colwell, waliwafundisha akina mama kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa hivyo. Matokeo yao ya mwaka 2003 yalionyesha kuwa wagonjwa wa kipindupindu walipungua kwa asilimia 48. Sababu ni kwamba vijidudu vya kipindupindu hupenda kung'ang'ania viumbe vidogo vinavyoelea majini, na kitambaa huvinasa viumbe hivyo. Lakini 48 si 100. Ukishachuja kwa kitambaa, bado unachemsha au unatia dawa.

2. Moshi na mabaki ya chakula
Huu ndio ugonjwa wa maji ya mama yangu. Moshi unaingia kwenye maji na kuyeyuka humo. Dawa yake ni kifuniko! Funika sufuria tangu mwanzo. Tumia kuni kavu, au mkaa ulioshika moto vizuri. Na kama mnaweza, tengeni sufuria moja ya maji tu, isipikiwe dagaa wala migebuka, isikaangiwe kwa mawese. Hata ikiwa kuukuu, iwe ya maji.

3. Kuchemsha kupita kiasi
Wengi tumezoea kusikia dakika 10, dakika 20. Maji yakishabubujika kwa nguvu sufuria nzima, yaache dakika 1, basi. Hapa kwetu inatosha kuua vijidudu vya kuhara. Wanaoishi milimani zaidi ya mita 2,000 ndio wanangoja dakika 3. Hizo dakika nyingine unachoma mkaa wa mama, unaongeza moshi, na madini yanazidi kukolea kwa sababu maji yanapungua.

Tena, maji yakichemka utaona ukoko mweupe chini ya sufuria au birika. Hayo ni madini. Yakipoa, yamimine polepole uache ule unga chini.

4. Maji "yaliyolala"
Mnajua ile ladha ya maji yaliyochemshwa, kama yamepooza hivi? Kuna sababu ya kisayansi. Maji mabichi yana hewa iliyoyeyuka ndani. Ukiyachemsha hewa inatoka, na ulimi unaona kuna kitu kimepungua. Irudishe! Yakishapoa, chukua majagi mawili safi yaliyosuuzwa kwa maji yaliyochemshwa. Mimina kutoka jagi la juu kwenda la chini, kama muuza chai anavyopooza chai, mara kumi hivi. Au jaza chupa safi nusu, ifunge, uitikise kwa nguvu. Ni kazi ya dakika moja, na tofauti utaisikia mwenyewe. Fanyia mahali pasipo vumbi, na vidole visiguse maji.

5. Dumu
Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya kuulia wadudu lisibebe maji ya kunywa kamwe, hata ukiliosha mara mia. Hapo hatuzungumzii ladha tu, hiyo ni sumu. Dumu la mawese linanuka mafuta yakishaganda kwenye kona. Kama huna budi kulitumia, osha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, tia kokoto ndogo safi ndani, tikisa zisugue pembe, suuza mpaka povu liishe, kisha lipindue likauke. Usimimine maji ya moto kwenye plastiki. Ngoja yapoe kwanza, la sivyo utakunywa ladha ya plastiki.

6. Chujio
Wengine mna chujio la nyumbani, lile lenye mshumaa mweupe wa udongo ndani. Likiwa jipya maji yanakuwa na ladha ya udongo. Jaza na umwage mara mbili tatu za mwanzo. Mshumaa ukiziba, usugue kwa brashi laini na maji safi. Usitumie sabuni, maana itaingia kwenye vitundu na utaionja wiki nzima. Ukiona ufa, badilisha. Ukichemsha kwanza ndipo ukachuja, subiri maji yapoe, yasije yakaupasua. Na maji yasikae humo siku nyingi. Yaliyokaa yanaota harufu.

Machujio mengine yana mkaa maalum ndani. Mkaa huo una vitundu vingi mno vinavyonasa harufu na ladha, hata ya klorini. Lakini vitundu hujaa. Ukiona harufu imerudi, jua mkaa umechoka. Mkaa wa jikoni nao unavuta harufu kidogo: unaweza kuosha vipande vya mkaa safi wa kuni, kuvifunga kwenye kitambaa na kuvilaza kwenye yale maji yanayotulia usiku. Lakini mkaa hauui vijidudu, kwa hiyo fanya hivyo KABLA ya kuchemsha.

7. Dawa ya maji
Hii ndiyo yenye malalamiko mengi. "Maji yananuka dawa!" Ndiyo, ni klorini, na harufu kidogo ni alama kwamba dawa bado inalinda. Harufu ikizidi sana, kuna mambo mawili. Huenda umezidisha, fuata maelezo ya chupa au pakiti, usikisie kwa jicho. Au umetia dawa kwenye maji machafu, klorini ikapambana na uchafu na kutoa harufu mbaya zaidi. Kwa hiyo chuja kwanza.

Kisha subiri. Dakika 30 ni lazima. Na sisi wa kando ya ziwa hili tuvumilie zaidi, kwa sababu klorini hufanya kazi polepole kwenye maji yenye hali ya besi. Mimi naipa saa nzima. Baada ya hapo mimina jagi kwa jagi, kama nilivyosema, na harufu itapungua.

MTUNGI WA BIBI

Kuna chombo ambacho vijana mmeanza kukicheka, na hakistahili kuchekwa. Mtungi! Maji baridi yana ladha nzuri kuliko ya vuguvugu, hilo kila mtu analijua. Mtungi unapoza bila umeme. Udongo wake una vitundu, maji kidogo yanapenya mpaka nje na kukauka, na yanapokauka yanachukua joto. Uweke kivulini, penye upepo, juu ya mchanga wenye unyevu.

Wazee wetu hapa Ujiji, mji uliounganishwa na Bagamoyo na pwani kwa njia ya misafara, walijua pia desturi ya watu wa pwani: mtungi mtupu, mkavu, unafukizwa kwa ubani kabla ya kutiwa maji. Maji yanatoka na harufu ya kupendeza. Fanyeni, ni jambo zuri. Ila ubani ni wa harufu tu, usiutegemee kuua vijidudu.

Hatari ya mtungi ni mkono. Mtoto ametoka kucheza, anachovya kikombe mpaka kwenye kifundo cha mkono. Kazi yote ya kuchemsha imekwisha hapo! Mtungi uwe na kifuniko, na kata yenye mpini mrefu, ining'inizwe, isilale chini. Ndoo yenye koki ni salama zaidi. Na kila baada ya siku chache mtungi uoshwe na kuanikwa juani.

NDIMU NA KEMIA

Sasa ile ladha ya magadi ya ziwa letu. Kuchemsha hakuiondoi. Chujio la udongo haliiondoi. Lakini kumbukeni somo la asidi na kaboneti: vikikutana vinatoa nini? Chumvi, maji na kabonidayoksaidi. Vizuri! Ndimu ni asidi. Matone machache kwenye glasi yanapunguza ile hali ya besi, na ladha inachangamka. Ndiyo maana ndimu inayapenda sana maji ya Tanganyika.

Jani la mchaichai au kipande cha tangawizi pia vinafaa. Vioshe kwa maji salama, utie ndani wakati maji yanachemka, uyaache yapoe pamoja. Yanywe siku hiyo hiyo, yasilale.

MASWALI YENU

"Je, nikitia ndimu tu, nisichemshe, si asidi itaua vijidudu?"
Hapana. Matone ya glasi moja hayatoshi kukuhakikishia. Na ukitia ndimu kwenye maji yenye dawa kabla ya muda wake, unaiharibu klorini ndio kwanza inaanza kazi. Ndimu ni ya mwisho, kwenye glasi, wakati wa kunywa.

"Kwetu tunanunua barafu tu, si baridi inaua?"
Baridi inavilaza vijidudu, haiviui vyote. Barafu ya maji mabichi ikiyeyuka, vinaamka. Barafu itengenezwe kwa maji yale yale unayoyakubali kunywa.

"Sisi tuna bomba la mamlaka ya maji. Bado tuchemshe?"
Maji yanayotibiwa yana nafuu kubwa kuliko ya ziwani moja kwa moja. Lakini hesabu safari yake: bomba linaweza kuvuja, ndoo inaweza kuwa chafu, yanaweza kukaa siku tatu. Kama kuna mtoto mdogo nyumbani, au kuna tangazo la kipindupindu, chemsha au tia dawa.

"Mimi mama hatanisikiliza. Ataniambia unanifundisha kazi mimi?"
Hili ni swali zuri kuliko yote. Usiende na maneno, nenda na mikono. Mwambie, "Shikamoo mama, leo kazi ya maji niachie mimi." Chuja, funika, chemsha dakika 1, poza, mimina jagi kwa jagi. Mpe glasi akiwa ametoka shambani au sokoni na kiu. Usimwambie kitu. Ngoja aulize, "Haya maji umeyatoa wapi?" Hapo ndipo utamweleza, naye atakusikiliza. Na wavulana msijifiche nyuma ya dada zenu. Maji mnakunywa wote.

JARIBU LEO

Chukua maji ya sufuria moja yaliyochemshwa na kupoa. Nusu yaache kama yalivyo, nusu yamimine jagi kwa jagi mara kumi. Waonjeshe watu watatu wa nyumbani bila kuwaambia lipi ni lipi. Andika majibu yao, kisha yalete shuleni tulinganishe. Hiyo ndiyo sayansi.

Na kama mtu ameshaanza kuhara, usibishane naye habari za ladha. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti, yaliyochanganywa kwa maji salama, anywe kidogo kidogo mfululizo, huku mkimpeleka zahanati haraka.

Yule mdogo wangu sasa ana watoto wake. Nikienda kwake, mtungi uko kivulini, umefunikwa, kata imening'inia juu yake, na bakuli la ndimu liko kando. Mwezi uliopita nilimkuta mwanawe wa darasa la pili anakunywa. Akamaliza glasi, akarudi kujaza nyingine. Hakuna aliyemlazimisha.

Haya, twendeni tukanywe maji.